Kahawia Isikutishe: Sabuni ya Asali Ikitoka na Rangi Usiyoitarajia

Umekata mche asubuhi ukakuta katikati kumekuwa kahawia kama chai ya rangi, pembeni kumebaki krimu, na mpaka kati ya rangi hizo umejichora duara kama pete za mti uliokatwa. Au umefunua kalibu ukakuta matone yanayonata yamejitokeza juu ya sabuni mithili ya jasho. Au sabuni uliyoipeleka stendi ya Makambako ikiwa ya kijani kwa ajili ya mafuta ya parachichi, baada ya wiki mbili mezani imepauka upande mmoja kama jani la mahindi ya mwezi wa saba. Mkono unakimbilia ndoo ya taka, au miguu inakimbilia dukani kutafuta rangi ya kufunikia. Usiende popote kwanza.

Mimi natengenezea sabuni ya asali Njombe mjini, na sehemu kubwa naiuza Makambako, pale magari ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam yanapopishana. Nimeharibu nyingi. Nikiulizwa nimejifunza nini kuhusu rangi, jibu langu ni fupi: kahawia ni ya asali yenyewe na mara nyingi haina neno. Kinachotakiwa kukushtua ni chembe nyeupe ndani ya sabuni, na kijivu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume. Sabuni ya kahawia tunaificha uvunguni, yenye chembe nyeupe tunamuuzia jirani kwa kuwa "imetoka safi".

Kwa nini asali inageuka

Zaidi ya robo tatu ya asali ni sukari, na zile mbili kubwa, fruktosi na glukosi, ni dhaifu mbele ya kostiki. Zikikutana na maji ya kostiki yenye moto huvunjikavunjika, na mabaki yake ndiyo yanayoleta njano, kisha rangi ya chungwa, kisha kahawia, mpaka karibu na nyeusi. Kinachoamua utasimama wapi kwenye ngazi hiyo ni ukali wa kostiki iliyoikuta asali, joto la wakati huo, na wingi wa asali yenyewe. Sukari nyeupe ya dukani huvumilia kostiki vizuri zaidi, ndiyo maana wapo wanaoweka kijiko cha sukari kupata povu bila kupata kahawia. Hiyo ni njia halali, ila usije ukaiita sabuni ya asali.

Kosa linaloongoza ni kumimina asali kwenye maji ya kostiki. Kostiki ikiingia majini hujipasha yenyewe, na mchanganyiko unaweza kupita nyuzi 80 bila jiko. Ukiweka asali hapo itakuwa ya chungwa papo hapo, dakika chache baadaye itafanana na kahawa, na inaweza kuchemka hadi ikamwagika. Asali inaingia mwishoni, wakati mafuta na kostiki vimeshakorogwa vikashika uzito wa uji mwepesi, navyo vimepoa hadi nyuzi 40 hivi. Wakati huo kostiki imekwisha kuanza kuliwa na mafuta, ukali umepungua.

Kiasi nacho kina mipaka. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu kilo ya mafuta kinatosha. Ukiweka vitatu au vinne kwa kudhani unampendeza mteja, sabuni itapata joto kupita kiasi ndani ya kalibu, itavimba katikati, itapasuka mgongo, na itakuwa kahawia iliyokolea yenye kunata. Na tuambiane ukweli: asali iliyopita kwenye kostiki haibaki asali ileile ya kulamba. Inachoacha ni povu laini, rangi, na harufu kidogo. Anayekuahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

Pia chungulia asali yenyewe kabla ya kuilaumu kostiki. Asali nyeusi itatoa sabuni nyeusi kuliko asali ya rangi ya dhahabu, hata kipimo kikiwa kilekile. Asali iliyokamuliwa kwa kuminya masega kwa mkono huja na chavua na vipande vya nta. Hivyo huonekana baadaye kama vidoa vya njano. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo kwenye uji wa nyuzi 40 itabaki punje. Chuja kwa kitambaa safi. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na chachu. Mimi naiacha kwa ajili ya kunywewa na chai. Kuitia kwenye ndoo ya sabuni ni ubadhirifu.

Baridi yetu

Mwongozo mwingi wa sabuni umeandikwa na watu wa nchi nyingine au wa Dar es Salaam, na ukiufuata neno kwa neno Njombe unajikuta na rangi zisizoelezwa popote. Makambako na Njombe zimeachana karibu kilomita 60 tu, lakini Njombe iko juu zaidi, na kipimo kilekile hutoa sura mbili tofauti. Juni na Julai asubuhi zetu hushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta ya nazi ambayo pwani yanamiminika kama maji, huku ni jiwe la kukwangua kwa kisu.

Anza na ile pete. Sabuni iliyomiminwa hujipasha joto, na asali inaiongezea. Katikati ikifika joto la kutosha hulainika ikawa kama vaselini, halafu inapopoa hubaki imekolea na kung'aa kidogo. Pembeni, ambako mbao zimelala kwenye sakafu ya baridi, joto hilo halifiki, pakabaki pamepauka. Hakuna kilichoharibika, ni nusu iliyolala kitandani na nusu iliyolala nje. Sabuni hiyo ni salama na inasafisha sawasawa kote. Ila kama unataka rangi moja, chagua upande. Ukitaka iliyokolea, pasha kalibu kabla ya kumimina, lifunge blanketi, uliinue sakafuni, kisha uchungulie kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, maana sabuni ya asali iliyofunikwa sana inaweza kupanda na kupasuka. Ukitaka ya krimu, usifunike kabisa: mimina ikiwa imepoa, tumia makalibu madogo ya mche mmoja mmoja, yaweke karibu na dirisha. Hapa ndipo tunapowapita watu wa pwani. Wao kupata sabuni ya asali iliyo nyeupe-nyeupe wanahitaji jokofu. Sisi jokofu ni Julai yenyewe.

Tabu ya pili inaanzia kwenye chupa. Asali huganda haraka zaidi kwenye nyuzi 14 hivi, na nyumba nyingi za Njombe ziko hapohapo kwa miezi kadhaa ya mwaka. Wateja wakiona chenga wanasema asali imetiwa sukari, kumbe ni asali nzuri iliyopata baridi. Kwenye sabuni, chenga hizo haziyeyuki katika uji wa vuguvugu. Zinabaki vifuko vidogo ndani ya mche, kila kifuko kinachoma mahali pake, na ukikata unakuta madoa ya rangi ya damu ya mzee, mengine yakitoa maji ya kunata. Dawa ni rahisi: weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka mpaka asali ilegee, kisha ikoroge na vijiko viwili vya maji vilivyotolewa kwenye kipimo chako cha maji, ndipo uitie. Usiibandike jikoni, ukiichemsha itakuwa imeshaanza kukolea kabla hata haijaiona kostiki. Na miche iliyokwisha kutoka na matone, ifute kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke wiki mbili zaidi. Mara nyingi jasho hukoma.

Tabu ya tatu ya baridi ni unga mweupe juu ya sabuni, unaojitokeza siku moja hadi tatu baada ya kumimina. Huo ni magadi: kostiki ya juu ambayo haijawahi kushikana na mafuta imekutana na hewa ikageuka. Baridi na unyevu huuzidisha kwa sababu sabuni inachelewa kuiva. Hauna hatari. Ukwangue kwa kisu, au pitisha mche kwenye mvuke wa sufuria inayochemka mpaka uyeyuke. Kuuzuia, tandika nailoni juu ya sabuni ukiilaza igusane nayo mara tu uji unapotulia, uiache siku nzima.

Weupe wa ndani

Unga wa juu usikuchanganye na chembe za ndani. Ukikata ukakuta punje nyeupe ngumu zinazong'aa, au vishimo vyenye maji meupe, simama hapo. Inawezekana kostiki haikuyeyuka vizuri, au haikukorogwa ikafika kote, au mizani ilikudanganya. Lakini pia inawezekana ni punje za mafuta tu yaliyoganda kwa baridi kabla hayajachanganyika, jambo la kawaida kwa mawese na nazi katika nyumba zetu. Macho pekee hayatoshi kuzitenganisha. Ibonyeze punje kwa ncha ya kisu: ya mafuta ni laini, inapakika, ya kostiki inavunjika kama chumvi. Kisha vua glavu moja, lowesha kidole, kisugue kwenye sabuni kidogo sana, gusa ncha ya ulimi na uteme mara moja. Ukihisi kuchoma ghafla kama mtu aliyegusa ncha za betri kwa ulimi, kuna kostiki iliyobaki. Usifanye jaribio hili kwenye punje yenyewe wala kwenye maji ya kishimoni. Lifanye kwenye mwili wa sabuni ulio jirani.

Sabuni inayochoma haiuzwi, haigawiwi, haioshi mtoto. Kama una uhakika kipimo kilikuwa sahihi na kosa ni kukoroga, iparuze yote kwa kikwaruzo cha karoti, weka maji kidogo, uipike taratibu ndani ya chombo kilichokaa kwenye sufuria ya maji yanayochemka hadi iwe kama ubwabwa uliorojeka, halafu uijaribu tena. Kwa kupikwa hivyo itakuwa kahawia zaidi. Iache. Kama huna uhakika na kipimo, chimba shimo mbali na kisima uizike.

Kijivu

Nitakueleza kosa langu. Mara ya kwanza nilikosa ndoo, nikachukua sufuria ya jikoni, zile za kawaida za sokoni zisizo na mikono. Ni za alumini. Nilipomimina maji ya kostiki ilianza kuvuma na kutoa mapovu, nami kwa ujinga wangu nikafurahi nikidhani ndivyo inavyotakiwa. Sabuni ilitoka kijivu kama saruji, laini, haikukauka hata baada ya mwezi, na sufuria ikawa na vitundu.

Kostiki hula alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo inawaka moto. Kile kijivu kimetoka kwenye sufuria yenyewe. Na kwa kuwa sehemu ya kostiki imetumika kula sufuria, mafuta hayakupata sehemu yake, hakuna hesabu inayoweza kukuambia kimebaki kiasi gani. Hiyo huwezi kuiokoa. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, tafuta yenye namba 2 au 5 chini yake, au sufuria ya stenlesi. Kijiko cha alumini nacho kimo katika mkasa huu, pamoja na karatasi ya alumini ambayo watu hutandika kwenye kalibu ili sabuni isigande.

Rangi zinazokuja baadaye

Sabuni iliyotoka vizuri, ikapendeza, halafu wiki ya nne ikaota madoa ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala: hiyo si asali. Ni mafuta yanayochacha. Alizeti yetu inayokamuliwa kwenye mashine ndogo huwa na mashapo, na ni mafuta yanayochacha upesi kwa asili yake. Iache ituame, ichuje, na isizidi sehemu 15 kwa 100 ya mafuta yote. Chuma na shaba huharakisha kuchacha, kwa hiyo angalia maji. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu yanabeba chuma, na kisima cha udongo mwekundu vilevile. Maji ya kostiki yaliyotengenezwa kwa maji safi yakishapoa huwa maangavu. Ukiona nyuzinyuzi za rangi ya kutu zinaelea, badilisha maji. Usikaushie sabuni kwenye wavu wa chuma. Chanja ya mianzi ni bora, na mianzi huku haijawahi kuadimika, ingawa wapo watakaonung'unika kwamba umewakatia ulanzi, pombe yao ya mianzi.

Miti nayo ina siri yake. Miwati, ambayo kampuni ya TANWAT ya Kibena imeipanda tangu mwaka 1949 kwa ajili ya tanini ya maganda yake, imetapakaa kila mahali, na mtu anaweza kuchonga mwiko au kuunga kalibu kwa kipande cha mwati. Tanini ikiguswa na kostiki hutoa wekundu wa udongo, na ikikutana na msumari wenye kutu hutoa weusi wa wino. Ukiona mistari myeusi pembeni mwa mche, mahali palepale misumari ilipopigwa, umeshampata mwizi. Mbao za paina zilizokauka hazina shida, mbichi hutoa utomvu wa njano. Vyovyote vile tandika nailoni ngumu ndani.

Parachichi nimeshaitaja. Mafuta yake yasiyosafishwa ni ya kijani kwa sababu ya ukijani uleule wa majani, na jua huufuta. Hakuna ujanja zaidi ya kuweka sabuni kivulini na kumwonyesha mteja kipande kimoja tu mezani. Mawese mekundu ya Kyela hutoa chungwa zuri ambalo nalo hupauka. Manjano ya unga huwa mekundu ghafla yakikutana na kostiki, halafu sabuni inapoiva yanarudi kuelekea chungwa, usiyakimbie. Maziwa yana sukari yake na protini yake, na yakiongezwa kwenye sabuni ya asali bila kupozwa hadi yaanze kuganda, utapata rangi ya udongo na harufu kali ya chooni ambayo hupungua baada ya wiki kadhaa. Na marashi: manukato mengi ya "asali" yanayouzwa madukani yana vanila ndani yake, na vanila huifanya sabuni iwe kahawia kidogo kidogo, kuanzia nje kwenda ndani, kwa majuma. Ukikata mche wa mwezi mmoja ukakuta ganda limekolea na moyo umepauka, kinyume cha ile pete ya baridi, uliza marashi.

Kipimo cha kuanzia

Ili ujue kosa liko wapi, lazima uwe na kipimo kimoja usichokibadilisha. Hiki ndicho changu, kwa kilo moja ya mafuta: mawese yaliyosafishwa gramu 500, nazi gramu 250, alizeti gramu 150, parachichi gramu 100. Kostiki gramu 142, maji gramu 300, asali vijiko viwili vya chakula. Katika kipimo hicho kostiki imepunguzwa kiasi cha sehemu 5 kwa 100 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi. Ukibadilisha mafuta yoyote, kostiki lazima ihesabiwe upya. Nazi hula kostiki nyingi kuliko alizeti. Pima kwa mizani inayosoma gramu moja moja, hata maji. Kikombe na jicho ndivyo vinavyozaa zile chembe nyeupe.

Kostiki inaingia kwenye maji, kamwe maji yasiingie kwenye kostiki. Vaa glavu na miwani, kaa mlango ukiwa wazi, watoto wawe mbali. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka; usipake siki kwenye ngozi.

Andika kwenye daftari tarehe, hali ya hewa, joto la uji wakati wa kutia asali, asali imetoka kwa nani, na ilikuwa ya rangi gani. Kisha, rangi ikikushangaza, jiulize imetokea lini. Iliyotokea ndani ya ndoo ni ya kostiki, asali au chombo. Iliyotokea usiku ni ya joto au baridi. Iliyotokea baada ya wiki ni ya mafuta, marashi, mwanga au kutu.

Mwezi uliopita abiria wa basi la Songea alishika mche wangu, akaugeuza, akauliza: "Dada, mbona hii imeungua?" Nilimpa kipande na chupa ya maji anawe. Iliyoungua ingenuka, na isingetoa povu lile. Alinunua miwili, akasema mmoja ni wa mama mkwe, na mwingine ataona.

Jambo moja la mwisho kabla hujarudi jikoni: kila unapotengeneza, weka mche mmoja ndani ya boksi lenye giza, ukiuandika tarehe kwa msumari mgongoni. Ule wa mezani ukibadilika rangi na wa boksini ukabaki vilevile, tatizo ni jua la stendi. Ikibadilika yote miwili, rudi kwenye daftari.